Ukiziweka hisia pembeni, kinabaki nini?

Ukitaka kumnyamazisha mtu kwenye mabishano, mwambie: "Weka hisia pembeni, tumia akili." Aliyekuwa anazungumza hunywea hapo hapo. Hata kama alikuwa na hoja tatu nzuri, sauti ikishatetemeka tu hoja hazihesabiwi tena. Anayemkanya ndiye huonekana mwenye busara, ingawa mara nyingi naye ana hasira yake, sema anajua kuongea taratibu. Nimeisikia kauli hii kwenye vikao vya ndugu na kazini, tena kutoka kwa watu ninaowaheshimu, na kila nikiisikia hujiuliza kama msemaji amewahi kufikiri mtu aliyewekewa hisia pembeni kweli kweli anakuwaje.

Watu wa namna hiyo wapo. Antonio Damasio, daktari wa mishipa ya fahamu aliyefanya kazi miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, aliwachunguza wagonjwa walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, ile iliyo juu ya macho. Kumbukumbu zao zilikuwa salama, lugha wanayo, hesabu wanapiga, vipimo vya akili wanafaulu. Kilichopungua ni hisia. Mmoja alioneshwa picha za nyumba zinazoungua na watu wanaokaribia kuzama, akajua kabisa kwamba ni mambo ya kusikitisha, lakini mwenyewe hakusikitika.

Mwingine alifika hospitalini siku ambayo barabara ilikuwa imeganda barafu. Alisimulia kwa utulivu kwamba mwanamke aliyekuwa mbele yake aliteleza, akashikwa na hofu, akakanyaga breki, gari likaishia mtaroni. Yeye alipita pale pale bila wasiwasi, akifanya kile ambacho dereva anapaswa kufanya kwenye utelezi. Siku hiyo kukosa hofu kulimfaa, na anayetetea akili tupu angeweza kumchukua kuwa shahidi wake.

Lakini kesho yake Damasio alimwomba achague siku ya kurudi kliniki, kati ya siku mbili za mwezi uliofuata, zilizopishana kidogo tu. Mgonjwa akatoa shajara yake, akaanza kuipekua. Kwa karibu nusu saa alieleza faida na hasara za kila siku: ahadi alizokwisha kuweka, jinsi siku hiyo ilivyokaribiana na shughuli nyingine, hata hali ya hewa inaweza kuwaje. Waliomsikiliza walijizuia wasigonge meza. Mwishowe daktari akamwambia kwa upole aje siku ile ya pili. Akajibu kwamba ni sawa, akatia shajara mfukoni, akaondoka.

Nusu saa hiyo hainitoki akilini. Hoja hazikumwishia, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kipumbavu. Ukimpa mtihani wa mantiki angetushinda mimi na wewe. Alichokosa ni kitu cha kumwambia kwamba imetosha. Mtu mwingine yeyote angechoka. Angeona haya kwa kupoteza muda wa watu, angetupia jicho uso wa daktari akajua ameshaudhi, au angependa tu siku moja zaidi ya nyingine bila sababu ya maana, akaichukua. Kuchoka, kuona haya na kupenda ni hisia, na ndizo zinazotuambia hoja ipi nzito na ipi nyepesi. Kwa Kiswahili husema moyo umetulia pale tunapokuwa tumefikia uamuzi. Huyu moyo wake haukuwa na namna ya kutulia, wala ya kushtuka, kwa hiyo alihesabu na angeendelea kuhesabu.

Mwaka 1994 Damasio na wenzake, wakiongozwa na Antoine Bechara, walilileta jambo hili mezani kwa mchezo wa karata. Kuna mafungu manne. Mawili yanalipa vizuri ila mara moja moja yanakukomba. Mawili yanalipa kidogo na kutoza kidogo, na mwisho wa siku ndiyo yenye faida. Mchezaji hajui. Anafunua karata 100, na katika majaribio yaliyofuata kifaa kilipima jasho la ngozi yake. Baada ya hasara kadhaa, watu wazima wa afya walianza kutoa jasho kila mkono ulipoelekea fungu baya, na katika ripoti ya 1997 watafiti walisema hilo lilitokea kabla wachezaji hawajaweza kueleza tatizo liko wapi. Ndiyo hali tunayoiita machale kumcheza mtu. Wagonjwa wa Damasio hawakutoa jasho hilo. Baadhi yao walifika mahali wakaeleza vizuri kabisa mafungu yapi ni mabaya, kisha wakaendelea kuyafunua.

Haki itendeke: mwaka 2004 Tiago Maia na James McClelland waliwauliza wachezaji maswali ya kina zaidi, wakakuta kwamba wanajua mengi mapema kuliko ilivyodhaniwa. Basi inawezekana mwili hauitangulii akili kama tulivyoambiwa. Nalikubali hilo. Lisilofutika ni wale waliojua na bado wakafunua. (Phineas Gage, msimamizi wa ujenzi wa reli Marekani aliyepenywa na nondo kichwani mwaka 1848, akasimuliwa kuwa tabia yake iliharibika kabisa, simtumii kama ushahidi ingawa wanaoandika juu ya ubongo na hisia humtaja sana. Baadaye aliendesha magari ya farasi ya abiria nchini Chile kwa miaka kadhaa, na hiyo si kazi ya mtu aliyeharibika kama anavyosimuliwa.)

Upande wa pili, wa wanaosema hisia hupotosha, nao una ushahidi mzito. Mwaka 1981 Amos Tversky na Daniel Kahneman walichapisha swali la ugonjwa unaotarajiwa kuua watu 600. Mpango wa kwanza utaokoa 200 kwa hakika. Wa pili una nafasi 1 kati ya 3 ya kuokoa wote, na 2 kati ya 3 ya kutookoa yeyote. Asilimia 72 walichagua uhakika. Kundi jingine likapewa mipango ile ile kwa maneno mengine: wa kwanza watakufa 400, wa pili kuna nafasi 1 kati ya 3 kwamba hatakufa mtu. Asilimia 78 wakachagua kubahatisha. Maiti ni wale wale. Lililobadilika ni neno, na neno "kufa" linatisha. Matapeli wanalijua hili bila kusoma utafiti wowote: wanakutia hofu, wanakutia haraka, na hofu ikishaingia wala hukumbuki kuuliza.

Kwa hiyo sisemi hisia haikosei. Nasema hukosea kama jicho linavyokosea, na hakuna anayetibu makosa ya jicho kwa kulitoboa. Tena akili nayo ina makosa yake, yasiyotajwa sana kwa sababu yana adabu. Mtu akishaamua jambo kwa kiburi, akili yake humtumikia kama wakili anayelipwa: inatafuta hoja za kutetea kilichokwisha amuliwa, na hoja zinapatikana. Nani atamzuia? Aliyeoneshwa yale maswali mawili ya watu 600 hurudi kuhesabu upya pale anapokereka kujikuta amejipinga. Asiyekereka hana sababu ya kurudi.

Ninapotaka kujua gharama ya kauli ile ya kuweka hisia pembeni, humfikiria Martha Mills, msichana wa miaka 13 aliyefariki London mwaka 2021 kwa sepsisi, yaani mwili kuzidiwa na maambukizi, baada ya kuumia kongosho kwa kuanguka na baiskeli. Wazazi wake walikuwa wameeleza wasiwasi wao na wakatulizwa. Mwaka uliofuata uchunguzi wa kisheria wa kifo chake ulifikia uamuzi kwamba kuna uwezekano mkubwa angepona kama angehamishiwa mapema chumba cha wagonjwa mahututi. Wasiwasi wa mama ulikuwa na habari ndani yake, ukachukuliwa kuwa wasiwasi tu.

Tangu 2024 hospitali za England zimeanza kutumia utaratibu unaoitwa kwa jina la msichana huyo. Mgonjwa au ndugu akiona hali inakuwa mbaya na hasikilizwi, ana haki ya kuomba timu nyingine ya wataalamu ije kuangalia upesi. Na kila siku, angalau mara moja, mgonjwa na ndugu zake wanaulizwa wanaionaje hali, inatengemaa au inazidi.