Mwacheni Mgonjwa Akune Nazi

Mtu akirudi nyumbani baada ya kiharusi, majirani wa Makorora na Ngamiani, hapa Tanga mjini, huulizana swali moja tu: "Anatembea?" Akitembea, hata kwa kuburuta mguu, basi alhamdulillahi, kapona. Kama anaweza kujitawaza, kujifunga kanga au kupeleka tonge mdomoni, hayo hayaulizwi. Matokeo yake tunao wagonjwa chungu nzima wanaotembea vizuri mpaka barazani, halafu wanakaa hapo kutwa wakisubiri kulishwa.

Hapo ndipo penye kazi ya mtoa tiba kwa vitendo, kwa Kiingereza "occupational therapist". Fiziotherapia angalau watu wanaifahamu, wanaiita "mazoezi". Huyu wa tiba kwa vitendo hata jina lake halijulikani mtaani. Yeye anatazama mkono ulivyorudi, kisha anauliza: kwa nguvu hizihizi zilizopo, mama huyu atapikaje, atavaaje, atatawadhaje?

Shangazi yangu alipopata kiharusi, aliruhusiwa hospitali akiwa na dawa za presha na tarehe ya kurudi, basi. Jirani ndiye aliyetutafutia kijana mmoja aliyesomea tiba hii KCMC, ile hospitali kubwa ya Moshi. Alipomaliza kuamkia, hakukimbilia kumnyoosha mkono. Alimwuliza, "Bibi, kabla hujaumwa, ukiamka ulikuwa unaanza na nini?" Shangazi akajibu, "Nakuna nazi, mwanangu, niuze vitumbua." Somo likaanzia kwenye mbuzi.

Kwanza alimgusagusa vidole kwa ncha ya kalamu, shangazi kafumba macho, aseme anaguswa wapi. Mkono usiohisi haupelekwi kwenye meno ya mbuzi. Alipojiridhisha akaweka kitambaa kibichi chini ya sinia lisiteleze, akamkalisha vizuri, mkono mgonjwa juu ya kifuu na ule mzima ukiuongoza. Nazi ilitoka mabongemabonge, ya kuku hasa, lakini ilitoka. Kijiko akakizungushia mpira wa ndani wa baiskeli, kitu kisichokosekana Tanga, mpini ukawa mnene wa kushikika. Akamfundisha na kuvaa: mkono mgonjwa unatangulia kuingia kwenye gauni, na wakati wa kuvua unakuwa wa mwisho kutoka.

Binamu zangu walinuna. Watoto wapo, wakwe wapo, mgonjwa anakunishwa nazi? Watu watasemaje?

Kwa maoni yangu, hiyo "watu watasemaje" inatuharibia wagonjwa kuliko uhaba wa vifaa. Kwetu mwana mwema ni yule anayempokea mzazi wake kila kitu, na sipingi heshima hiyo. Ila ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kurudiarudia kitendo, na mkono uliowekwa mapajani kama kifurushi hukakamaa. Mgonjwa kweli achoke kidogo, alale, kesho aendelee. Anayemfungia mama yake kanga kila asubuhi wakati anaweza kujifunga, ajue anamnyang'anya kitu, hata kama anafanya hivyo kwa mapenzi.

Na wala jambo hili si geni mkoani kwetu. Kule Lutindi, Korogwe, juu milimani, kuna hospitali ya wagonjwa wa akili iliyotokana na kituo cha wamisionari wa Kijerumani cha mwaka 1896, kilichoanzishwa kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani. Huko kulima na kazi za mikono ni sehemu ya matibabu. Wenzetu Marekani waliunda chama cha kwanza cha fani hii mwaka 1917, na majeruhi wa Vita Kuu ya Kwanza wakaipa kazi tele. Tangu 2010 dunia inaiadhimisha kila tarehe 27 Oktoba. Sijui wangapi hapa mjini wameshawahi kuisikia siku hiyo.

Watoto nao ndio wenye kuumia kimyakimya. Mwenye mtindio wa ubongo analishwa chali mapajani, uji unampalia, anakohoa, tunasema ndivyo alivyo. Akikalishwa wima, kichwa kimeinama mbele kidogo, miguu imepata pa kukanyaga, wengi humeza kwa usalama zaidi. Kwa kitu kidogo namna hiyo mama anahitaji mtu wa kumwonyesha kwa mikono, si karatasi ya maelezo.

Wataalamu hawa ni wachache, najua, na wengi wako hospitali kubwa. Lakini uchache unazidishwa na sisi tusiowaulizia. Kabla hamjatoka wodini na mgonjwa wenu, iwe ni kiharusi, ajali ya bodaboda au kidonda cha moto mkononi, mwulizeni daktari: tuandikie tuonane na mtoa tiba kwa vitendo. Asipokuwepo hapo, mwambieni awaelekeze aliko.

Na pesa za vifaa zisiwatishe sana. Kiti cha mtoto au cha chooni seremala yeyote anakitengeneza. Vipimo tu ndivyo mwache mtaalamu achukue mwenyewe, kuanzia kisigino mpaka nyuma ya goti. Fundi akikadiria kwa macho, miguu itaning'inia, na mtaenda kukata mbao upya.