Bunduki moja ya marisau inatosha, ya pili iwe na sababu

Wenye leseni wakikutana huku Nakuru, hasa wale wenye mashamba upande wa Njoro na Rongai, mazungumzo hayakawii kufika kwenye kuongeza. Huyu ana bastola na sasa anataka bunduki ya marisau, ile inayotapanya punje nyingi za risasi kwa mpigo. Yule anayo ya marisau, anatamani ya masafa marefu yenye darubini. Mwingine ameona picha kwenye simu, akili yote imehamia huko. Msimamo wangu nimeueleza mara nyingi na ninauandika hapa nikimaanisha: mkulima wa Bonde la Ufa au wa Magharibi ambaye kweli anahitaji silaha, anahitaji bunduki moja ya marisau ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu), yenye mitutu miwili, ya kukunja. Akiongeza ya pili, iwe ile ndogo ya .22 (upana wa risasi yake kwa inchi) ya kujifunzia shabaha, na awe na mahali halali pa kuifyatulia. Nikivuka hapo sioni kazi, naona mzigo tu.

Shida kubwa ni kwamba wengi tunachukua mawazo ya Wamarekani. Kule mtu anashauriwa awe na nne: .22, ya marisau, ya kuwindia paa, na bastola. Kwao hesabu hiyo ina maana, kwa sababu msimu wa kuwinda ukifika watu wanaingia msituni na vibali vyao. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa starehe mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya 2013 ikaendeleza msimamo huohuo kwa adhabu kali. Kwa hiyo ile bunduki ya kuwindia, ambayo kwenye orodha zao ndiyo ya fahari, hapa kwetu haina kazi yoyote kwa mkulima. Ukiinunua utakuwa unaipangusa vumbi.

Najua jibu linalofuata: na wanyama wanaotusumbua je? Nyani wanaingia kwenye mahindi, na upande wa ziwani kiboko anaweza kumaliza shamba la mboga usiku mmoja. Hasara hiyo ni ya kweli na inauma. Lakini leseni ya silaha si kibali cha kumuua mnyamapori. Anayeitwa ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori, hata kama watakawia kufika. Kuna pia hasara ambazo risasi haiwezi kuzigusa kabisa. Ndege wadogo waitwao kwelea walipovamia mpunga huko Kisumu mwanzoni mwa 2023 walikuja kwa makundi makubwa mno, na serikali ililazimika kunyunyizia dawa. Mwenye bunduki katika shamba la namna hiyo angemaliza boksi zima na ndege wasipungue hata kwa macho.

Kazi halali zinazobaki ni chache. Kuna ulinzi wa watu wa nyumbani, pale ambapo kituo cha polisi kiko mbali na barabara ni ya matope. Kuna mnyama wako mwenyewe aliyevunjika mguu ambaye huwezi kumwacha akiteseka. Na kuna mchezo wa shabaha, ambao mimi naupenda na siuonei haya. Kwa kazi hizo, geji 12 haina mpinzani, kwa sababu inayobadilika ni risasi tu, bunduki inabaki ileile. Ganda (yaani risasi nzima ya bunduki hii) la kawaida la mchezo wa kulenga visahani vinavyorushwa hewani lina gramu 28 za marisau, na ukichukua zile namba 7½, zenye upana wa milimita 2.4 hivi, ni punje kama 350. Ganda lingine la ukubwa uleule lina punje tisa nene, kila moja zaidi ya milimita 8. Jingine lina donge moja tu la risasi. Mitutu ikiwa miwili, unaweza kuweka aina mbili tofauti na ukachagua papo hapo.

Ila sababu inayonishika zaidi ni umbali. Marisau madogo yanaishiwa nguvu na kuanguka kabla ya mita 300. Kirisasi cha .22, ambacho watu wanakidharau kwa sababu ni chembamba kuliko penseli, kinaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja ukikifyatua kwa kuinua mtutu. Sasa nenda Vihiga, ambako sensa ya 2019 ilikuta zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita mraba. Ukikosea kulenga pale, risasi inapita juu ya boma la jirani, shule, kanisa na soko ndipo itue. Ndiyo maana ninaposema .22 inaweza kuwa ya pili, namaanisha kwa mtu anayeifyatua kwenye uwanja wa shabaha wenye kingo za udongo. Anayeishi kwenye vishamba vya robo ekari vilivyobanana aiache kabisa.

Kwa nini ya kukunja, si ya kukokota wala ya kujipakia yenyewe? Kwa sababu ya kile jicho linachoona. Unasukuma kikwamizi kwa kidole gumba, mitutu inainama, na vyumba viwili vya risasi viko wazi mbele yako. Kama kuna ganda, unaona kitako chake cha shaba. Kama hakuna, unatazama ndani na mwanga unakuja kutoka upande wa pili, mtutu unang'aa pete kwa pete hadi mdomoni. Mtu aliyesimama hatua kumi kutoka kwako naye anaona kwamba silaha imekunjwa na haiwezi kulipuka. Zile nyingine zinaficha risasi kwenye bomba au kwenye magazini, na ajali nyingi za nyumbani duniani huanza na mtu aliyeamini kwamba ni tupu. Kwangu hiyo peke yake inamaliza ubishi. Risasi mbili tu, utasema, ni chache. Ukiwa mkulima na mambo yamefika mahali risasi mbili hazitoshi, kaa ndani, funga mlango, piga simu.

Kuna kosa la mkusanyiko ambalo halizungumzwi vya kutosha: kuwa na geji 12 na geji 20 katika nyumba moja. Mtu ananunua ya 20 kwa ajili ya mke wake au kijana wake, kwa kuwa ni nyepesi na haipigi bega sana. Nia ni njema. Lakini ganda la geji 20, ambalo ni jembamba kuliko la 12, likiteleza likaingia kwenye mtutu wa geji 12, halibaki pale unapoliona. Linazama, linakwama mbele ya chumba cha risasi, na nyuma yake nafasi inabaki tupu. Anayefyatua anadhani hakupakia, anaweka ganda la 12, anafunga, na mtutu unapasuka mkono wa kushoto ukiwa umeukumbatia. Viwanda hutengeneza maganda ya geji 20 kwa rangi ya manjano kwa sababu hiyo hasa. Basi nyumba moja, geji moja. Kama bega ni dogo, nunua maganda mepesi ya gramu 24 na umpe fundi afupishe kitako.

Wengi wetu hatutanunua mpya, kwa hiyo nikae hapa kidogo. Nakuru ilikuwa kitovu cha mashamba ya walowezi, na huku bado utakutana na bunduki kongwe za mitutu miwili zilizotengenezwa Birmingham, Uingereza, au Liège, Ubelgiji. Nyingine ni nzuri ajabu, mbao za mjozi na nakshi zilizochongwa kwa mkono. Usinunue kwa nakshi. Geuza mitutu, tafuta mihuri ya ukaguzi chini yake, alama za kuthibitisha kwamba ilijaribiwa. Ukiona chuma cha mtutu kina michirizi ya mzunguko kama kamba iliyosokotwa, huo ni mtutu wa Damascus, na mingi ya aina hiyo ilitengenezwa kwa baruti nyeusi ya zamani. Baruti ya leo inaweza kuupasua. Iache ukutani kwa muuzaji.

Halafu pima chumba cha risasi. Bunduki nyingi za Kiingereza za enzi hizo zina chumba cha milimita 65, na maganda mengi yanayouzwa leo ni ya 70. Hapa ndipo watu wanaponaswa, kwa sababu ganda la 70 linaingia kwenye chumba cha 65 bila kukataa. Ile namba iliyoandikwa kwenye boksi ni urefu wa ganda likiwa limeshafyatuliwa na mdomo wake kufunguka. Likiwa bichi, mdomo umekunjwa na ni fupi. Ukifyatua, mdomo unafunguka ndani ya sehemu inayobana na shinikizo linapanda kupita kiasi. Leo huenda isipasuke, na kesho pengine isipasuke, lakini chuma kinachoka. Mpe fundi mwenye kipimo aithibitishe kabla hujatoa hata shilingi.

Bastola sina mengi ya kuisifia. Mfanyabiashara wa mjini anayebeba pesa anaweza kuwa na hoja, na bodi ya leseni za silaha itaipima hoja yake. Lakini ni silaha yenye kazi moja, ndiyo ngumu kuliko zote kulenga, na inahitaji mazoezi ambayo walio wengi hawafanyi. Na zile za kivita hata usiziwaze: Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inazitaja AK-47, G3 na MP5 kwa majina, na ukikutwa nayo kinyume cha sheria unaweza kufungwa maisha.

Kila silaha unayoongeza inaingia kwenye cheti kwa namba yake, na kila mwaka unaijibia upya. Desemba 2018 Fred Matiang'i, waziri wa usalama wa ndani wa wakati huo, alipoagiza wenye leseni wote wapigwe msasa upya, mwenye bunduki moja alikuwa na jambo moja la kueleza. Mwenye tano alieleza tano. Ongeza kabati la chuma lililofungwa ukutani kwa bolti, risasi zikae kwenye kisanduku kingine chenye ufunguo wake, na mafuta. Walio Kisumu na kando ya ziwa wanajua unyevu wa kule: shika mtutu kwa mkono wa jasho, usiupanguse, na baada ya siku chache utaona alama za vidole vyako zimeota kutu. Mtu mwenye moja anaipangusa kila wiki. Mwenye tano anaanza kuruka.

Jambo la mwisho linahusu familia. Cheti ni cha mtu, hakirithiwi pamoja na shamba. Mwenye silaha akifariki, mjane na watoto wasio na vyeti hawana ruhusa ya kubaki nazo hata kama zimefungiwa kabatini, na inabidi zifikishwe polisi. Kwa hiyo mwambie mtu wako wa karibu leo ni silaha gani iko nyumbani, namba yake ni ipi, na nakala ya cheti imewekwa wapi. Ufunguo usimwachie. Mwachie namba ya simu ya kituo, ili siku hiyo maofisa waje wenyewe kuichukua na kuandika risiti.