Mita 800 za Leigh na miguu ya kambakoche

Hifadhi ya bahari ya Leigh, kaskazini mwa Auckland, ilitangazwa mwaka 1975, ya kwanza nchini New Zealand. Swali linaloirudia ni hili: ikiwa humo hakuna ruhusa ya kuvua hata kambakoche mmoja, mbona idadi yao ilipanda mpaka miaka ya 1990, kisha ikashuka? Wengi wanaouliza ni wavuvi, na wana haki ya kuuliza. Ila jibu lilikwisha kuandikwa kwenye tasnifu za uzamivu, na waliojishughulisha kulisoma ni wachache.

Watafiti vijana wa maabara ya Chuo Kikuu cha Auckland, iliyo papo hapo ufukweni, walizama msimu baada ya msimu. Waliwatia kambakoche alama na kuwafunga vifaa vya kutoa sauti ili wajue kila mmoja yuko wapi. Walichokiona ni mnyama anayetembea. Majike wenye mayai husogea kwenye ukingo wa mwamba upande wa bahari kuu wakati wa kuangua. Madume makubwa huacha mapango yao kwa majira fulani na kwenda mchangani kutafuta chaza na kome. Na mpaka wa hifadhi wakati huo ulikuwa mita 800 tu kutoka pwani, huku sehemu za mwamba zikiendelea ng'ambo yake. Madema yalitegwa kandokando ya mstari huo. Kambakoche aliyelindwa miaka kumi aliweza kuvuka usiku mmoja na asirudi.

Kwa hiyo kupungua kule hakuthibitishi kwamba kufunga eneo hakufai. Kunathibitisha kwamba mstari ulichorwa kabla ya mtu kujua mnyama huyu anaishi vipi.

Uchambuzi wa hifadhi kadhaa za nchi hiyo, uliochapishwa mwaka 2000, ulikadiria kwamba kambakoche huongezeka kwa asilimia 3.9 kwa mwaka kwenye kina kifupi na asilimia 9.5 kwenye kina kirefu. Piga hesabu. Kwa kasi ya kwanza, idadi huchukua miaka 18 hivi kuwa maradufu. Kwa ya pili, kama minane. Yaani kwenye kina kirefu, pale wanapoongezeka upesi, ndipo panapokaribiana na mstari, na ndipo pia wanapopotea upesi. Na mwanafunzi wa uzamivu ana miaka mitatu au minne tu. Peke yake haoni karibu chochote. Lazima arithi hesabu za aliyemtangulia, azame palepale, ahesabu vilevile. Thamani ya kazi hii imo katika kupokezana huko, na ndiyo maana inaniudhi kusikia ikiitwa utafiti wa kujaza makabati.

Wavuvi nao wana ya kwao. Mwaka 2018 kiwango cha kambakoche walichoruhusiwa kuvua kibiashara kwa mwaka katika eneo linaloizunguka Leigh, liitwalo CRA 2, kilikatwa kutoka tani 200 hadi 80. Aliyepoteza zaidi ya nusu ya riziki hafurahii kuambiwa asogee tena ili mpaka upanuliwe. Hoja nyingine ni ya kisayansi na ina uzito: lava, yaani watoto wachanga wa kambakoche, huelea baharini kati ya mwaka mmoja na miwili, hivyo mayai yaliyoanguliwa Leigh huenda yakaneemesha pwani ya mbali, si wavuvi wa hapo. Hili nalikubali. Lakini kupunguzwa kwa tani hizo kunaeleza pia upande wa pili: bahari ya nje ilikuwa imevuliwa kupita kiasi, na hifadhi ndogo iliyozungukwa na umaskini huo haikuwa na wa kuiongezea.

Tena kambakoche wakubwa si mali ya mezani tu. Wao pamoja na samaki wakubwa hula wanyama wa miiba wanaoutafuna mwani hadi mwamba ukabaki mtupu. Waliporejea Leigh, msitu wa mwani ulirejea.

Mwaka 2025 Bunge la New Zealand lilipitisha sheria inayousogeza mpaka wa hifadhi hiyo hadi kilomita 3 kutoka pwani. Ningependa tasnifu inayofuata ianzie kwenye ukingo huo mpya mara moja, kabla idadi haijabadilika, na wavuvi waliotega pale waombwe kumbukumbu zao za madema. Wanajua kilichokuwa kinapandishwa pale miaka yote, mwezi kwa mwezi, mahali ambapo wapiga mbizi wamefika kwa nadra.