Kwa nini wengine hawaamini: sanamu, kalamu na futari

Majani yakitikisika gizani, anayedhani ni chui kumbe ni upepo hupoteza pumzi tu. Anayedhani ni upepo kumbe ni chui harudi nyumbani. Ndiyo maana, anasema mwanasaikolojia Justin Barrett, akili yetu huwahi kuona mtendaji, yaani kiumbe mwenye nia, hata pasipo na mtu, na imani ya mizimu na miungu ikapata pa kuota. Hoja ina mashiko, ila ina tundu: ukimulika tochi ukakuta ni upepo, huanzi kuuabudu.

Kama imani huja yenyewe, ukanamungu unatoka wapi? Jibu lililopendwa ni kwamba unatokana na kufikiri mara mbili. Kipimo chake ni hesabu ya mtego, mfano huu: daftari na kalamu ni shilingi 1,100, na daftari limeizidi kalamu kwa 1,000. Kalamu ni bei gani? Ulimi unakimbilia 100, lakini hapo jumla ingefika 1,200. Jibu ni 50.

Mwaka 2012 wanasaikolojia Will Gervais na Ara Norenzayan waliandika katika jarida la Science kwamba wanaoukwepa mtego huo huwa na imani ndogo kuliko wenzao. Wakawaonyesha pia wanafunzi 57 nchini Canada picha, ama ya sanamu ya mchongaji Rodin, yule mtu aliyeshika tama akiwaza, ama ya mrusha kisahani. Walioona mwenye tama waliipa imani yao kwa Mungu wastani wa 41 kati ya 100, wenzao 62. Mwaka 2017 jaribio la picha likarudiwa kwa watu 941, na tofauti haikuonekana. Si ajabu: ukigawa watu 57 mafungu mawili, wacha Mungu watano wakiangukia upande mmoja wastani unayumba. Uhusiano wa hesabu na imani nao, ulipopimwa katika nchi 13, ulikuwa hafifu na wa kigeugeu.

Mwaka 2021 Gervais huyohuyo na wenzake waliwapima Wamarekani 1,417. Kilichobashiri ukanamungu kuliko vyote ni kukua bila kuona wakubwa wakiigharamia dini yao. Mtoto huangalia: baba anayehimiza saumu huku akila mchana chumbani hafundishi anachokisema futari ikifika. Naona maelezo haya yana uzito zaidi, japo yanategemea kumbukumbu, na aliyeacha dini huenda anaikumbuka nyumba yao kuwa ya kidini kidogo kuliko ilivyokuwa.

Hayo yote hayasemi kama Mungu yupo. Muumini atajibu kwamba jicho nalo ni zao la mageuko, na embe linaloliona lipo. Mkanamungu atasema embe unaweza kulishika.