Kufunga Fomu Si Kuitupa

Juma lililopita nilimsindikiza shangazi yangu, aliyetoka Pangani kwa basi la alfajiri, hadi ofisi moja hapa Tanga mjini kusajili shamba lake la minazi. Karani, binti mpole aliyeanza kwa shikamoo, aliandika kwenye kompyuta kwa dakika 40 majina ya majirani wa mipaka yote minne, idadi ya minazi na namba ya kitambulisho. Kisha akabonyeza "Funga", na vyote vikatoweka bila kuulizwa lolote.

"Nisamehe, mama, nilijua nimemaliza."

"Si kosa lako, mwanangu," akajibu shangazi, akaanza upya kutaja mpaka wa kwanza.

Kweli si kosa lake. Mwenye duka pale Ngamiani akifunga hesabu jioni, amezikamilisha na kuziweka; akifunga mzigo, anahakikisha hakuna kitakachodondoka njiani. Binti aliyekulia katika lugha hii angejuaje kwamba kufunga fomu ni kuitupa? "Ghairi" kwenye kitufe ni afadhali kidogo, kwa kuwa kughairi ni kuacha nia, lakini nalo halisemi kama unaacha mstari wa mwisho au kazi ya asubuhi nzima.

Fomu yenye maandishi ambayo hayajahifadhiwa isiwe na "Funga" kabisa. Iwe na kitufe cha "Hifadhi", na mbali nacho, bila rangi ya kuvutia jicho, "Ondoka bila kuhifadhi", ambacho kikibonyezwa kiulize kwanza, na majibu yake yawe "Endelea kuandika" na "Tupa niliyoandika", wala si "Ndiyo" na "Hapana" zinazomlazimu mtu kulisoma swali mara mbili. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba swali linalojitokeza kila mara huzoeleka hadi likajibiwa bila kusomwa. Basi liulizwe pale tu penye kitu cha kupotea.

Kuhusu mpangilio wa vitufe, kompyuta za Windows hutanguliza kitufe cha kukubali, za Macintosh hukiweka mwisho kulia. Mbunifu achague utaratibu mmoja na aufuate katika kurasa zote. Kitufe cha kusafisha fomu nzima, kilichomo katika HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, tangu miaka ya 1990, kiondolewe.

Mara ya pili karani alibonyeza "Hifadhi" baada ya kila mpaka, na kila mara shangazi alinyamaza, mikono mapajani, mpaka aambiwe aendelee.