Yai Namba 7 na Wageni wa Posa

Shule zilipofungwa Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, watoto wawili walibaki mikononi mwangu pale Tabata, Dar es Salaam: mkubwa, binti wa miaka 7, darasa la pili, na mdogo wake wa kiume, miaka 5, chekechea. Mama yao ni nesi, akaendelea na zamu zake. Mimi ni fundi umeme wa majumbani, na miezi ile hakuna aliyetaka fundi aingie kwake. Basi nikawa mwalimu mkuu, mwalimu wa zamu na mpishi wa uji.

Kufikia mwisho wa Mei tulikuwa tumemaliza madaftari na tumepima nyumba nzima kwa futikamba. Mdogo alikuwa anamwambia kila anayepita upana wa choo chetu kwa sentimita. Ndipo nikaja na wazo la kutotolesha mayai. Hesabu imo, sayansi imo, kuandika kumo, na muda unajulikana: siku 21. Nilijiona nimepata dawa.

Kasha nililitengeneza mwenyewe, lile jeupe jepesi linalosafirishiwa samaki wa barafu. Ndani nilifunga holda mbili zenye balbu za wati 25, zile za kizamani zenye waya ndani, kwa sababu balbu za kuokoa umeme zinatoa mwanga lakini joto lake ni la kubahatisha. Mbili, ili moja ikiungua usiku mayai yasipoe. Nikaunganisha thamostati, nikatoboa matundu manne chini ubavuni na manne kwenye kifuniko ili hewa ipite, nikaweka sahani pana ya maji. Pana, sio ya kina. Unyevu unatokana na upana wa uso wa maji, ukijaza ndoo nyembamba unajisumbua bure.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilijaribisha kasha kwa siku mbili bila mayai, kama inavyotakiwa, na kila nikisoma kipimajoto kinasema 39. Asubuhi 39, usiku wa manane 39. Nikamwita mama watoto aje aone ufundi. Akatazama, akacheka mpaka akakaa chini. Kile kilikuwa kipimajoto chake cha kwapani, cha zebaki. Kikishapanda hakishuki mpaka ukikung'ute. Kasha lingeweza kuwa barafu, chenyewe kingebaki 39. Nikanunua cha ukutani, nikakilaza ndani usawa wa migongo ya mayai, nikarekebisha hadi 38.5. Mashine zenye feni hutaka 37.5, lakini kasha lisilo na feni joto hukimbilia juu, kwa hiyo unapimia pale juu ya yai na unaongeza kidogo.

Mayai tuliyafuata Chanika, hiyo ndiyo ikawa ziara ya masomo. Yale ya dukani ni ya kuku wa mayai wanaofugwa bila jogoo, ukiyaatamia mwezi mzima unapata harufu tu. Mama mfugaji tuliyemwendea alikuwa na mitetea 18 na majogoo 2, hesabu nzuri, maana jogoo mmoja anatosha mitetea 10 hivi. Tukachagua 14 yasiyozidi siku saba tangu yatagwe, ya ukubwa wa kati, yasiyo na ufa.

Wakati wa kurudi, ndani ya daladala ya levo siti, yaani isiyo na wa kusimama, ambamo kila mtu amekaa kimya na barakoa yake, mdogo akauliza kwa sauti: "Baba, jogoo hatagi. Sasa kazi yake nini?"

Daladala nzima ikanigeukia. Hata konda aliacha kuhesabu chenji.

"Jogoo," nikasema, "anapeleka posa. Mtetea akikubali posa, yai linakuwa na kifaranga. Asipopelekewa posa, yai linabaki la chipsi mayai."

Abiria mmoja akasema, "Safi, mwalimu." Nikajisikia vizuri. Laiti ningejua.

Yai moja lilivunjika Gongo la Mboto. Jingine mama yangu, ambaye tunaishi naye, alilikaanga kabla sijamweleza. Yakabaki 12. Yalipumzika usiku kucha, ncha iliyochongoka ikiwa chini, ili ile nafasi ya hewa iliyotikiswa na barabara itulie. Kisha tukaandika namba kwa penseli, sio kalamu ya wino, maana ganda lina vitundu vidogo maelfu na wino hupenya. Upande mmoja namba, upande wa pili alama ya msalaba, ili ukigeuza ujue umegeuza. Mkubwa akajitwalia namba 7 kwa sababu ana miaka 7. Mdogo akataka namba 5. Jumamosi Mei 30 jioni tukayalaza kasheni.

Sasa nieleze jambo ambalo nililijua baadaye sana.

Yule mama wa Chanika alituambia mbele ya watoto: yai lenye uchafu kidogo lifute kwa kitambaa kikavu au liache, usilioshe. Juu ya ganda kuna utando mwembamba unaoziba vile vitundu, na kuosha kunauondoa. Lakini mwanangu mkubwa alikuwa ametoka kwenye miezi miwili na nusu ya kuimbiwa redioni, kwenye televisheni na hata na mama yake: maji tiririka, sabuni, sekunde 20. Namba 7 lilikuwa na doa la kinyesi. Akaona mimi na yule mama tumezembea. Akalipeleka bombani peke yake, akalisugua kwa sabuni ya vyombo, akahesabu hadi 20, akalikausha kwa upande wa kanga ya bibi yake, akalirudisha kwenye trei.

Na maji yalikuwa ya baridi. Yai likikutana na maji yaliyo baridi kuliko lenyewe, vilivyo ndani vinasinyaa na kuvuta maji ya nje kupitia vitundu, pamoja na vijidudu vyote vya bombani, vya sponji na vya lile doa. Yaani alilichanja yai kwa uchafu, kwa upendo wote.

Kugeuza ilikuwa kazi yao: mara tatu kwa siku hadi siku ya 18, na kila zamu inatiwa tiki kwenye daftari. Mkubwa alikokotoa mara 54, mayai 12, jumla 648, akabandika hesabu hiyo mlangoni. Mimi nilikuwa nakagua daftari. Kumbuka hilo: nilikagua daftari, sio kasha.

Siku ya 7 tukazima taa za chumbani na kumulika mayai kwa tochi ya simu, kiganja kikizungushwa ili mwanga usitoroke. Yai zima linaonyesha doa jeusi lenye mishipa kama buibui. Namba 11 lilikuwa na duara jekundu la damu, kiinitete kilishakufa. Namba 3 na namba 7 meupe, hamna kitu. Mkubwa akanyamaza.

"Halikupata posa," mdogo akamfariji.

Nikayatoa matatu nikayaweka kabatini, kesho tuyavunje tujifunze. Kesho yake tukavunja namba 7 kwenye sahani, na mimi, mwalimu mkuu, nikasema haya: "Angalieni kiini kilivyosimama, utadhani limetagwa jana." Mama watoto akalikaanga na vitunguu.

Yai lililokaa wiki nzima kwenye nyuzi 38 kiini chake hulegea na kusambaa kama maji. Lile lilisimama kwa sababu lilikuwa la jana kweli. Lilitoka kwenye friji, likaandikwa 7 kwa penseli na mwandiko wa darasa la pili. Namba 7 halisi lilikuwa limesharudi kasheni, katikati ya namba 6 na namba 8, linaendelea kuatamiwa kwa matumaini.

Jumapili Juni 14, siku ya 15, walikuja wageni wa mdogo wangu wa kike: mshenga, baba mkubwa wa kijana na shangazi yake mmoja. Kwa sababu ya korona watu walikuwa wachache, lakini heshima ilikuwa ileile. Kasha lilikuwa sebuleni, pembeni ya kochi kubwa. Pale jua halipigi, upepo haupiti, na soketi ndiyo niliyoiamini. Mama yangu akasema hakai na wageni mbele ya boksi la samaki. Nilikuwa nje nawapokea. Kumbe huku ndani amelifunika kwa kitambaa kizito cha kudariziwa, kikafika hadi sakafuni, akaweka juu yake sinia la sambusa na kaimati.

Matundu yote manane yakazibwa. Hewa haitoki. Thamostati inazima balbu lakini joto lililokwisha kujaa haliendi popote. Ndani yumo namba 7, ambaye kwa wiki mbili vijidudu vimekuwa vikimla na kumjaza gesi. Ganda la yai si chupa ya soda.

Mshenga alikuwa mzee mwenye sauti ya redio. Alizunguka kweli. Alipita kwa hali ya hewa, akapita kwa ugonjwa, akafika bustanini. "Katika bustani hii," akasema, huku mkono wake ukishuka taratibu kwenye sambusa, "tumeliona ua, na tumevutiwa na harufu yake..."

Paa!

Kisha, kabla hatujavuta pumzi: paaa! Hiyo ya pili ilikuwa balbu. Ute ulirukia kwenye kioo cha moto kikapasuka. Ile balbu ya pili ikabaki inawaka, na kilichoirukia kikaanza kukaangika.

Sina namna ya kueleza harufu ile. Hidrojeni salfaidi ndilo jina lake la shule. Jina lake la sebuleni ni kwamba kila mtu alimtazama jirani yake, halafu kwa adabu akatazama dari. Baba mkubwa alikuwa amekaa karibu kabisa na kasha, na naona alijua macho yote yameishia kwake, kwa sababu alisema taratibu, "Sio mimi." Shangazi mtu akapandisha barakoa iliyokuwa kidevuni. Mshenga alibaki na sambusa hewani, sentensi yake ya ua na harufu ikiwa bado haijafika mwisho.

Mlango wa chumbani ukafunguka kwa kishindo. Mkubwa ametokea na daftari mkononi. "Baba, namba ngapi?"

Nikang'oa plagi kwanza, hilo nashukuru nililikumbuka, kisha nikavuta kitambaa na kufungua kifuniko. Palipokuwa na namba 7 palikuwa na vipande vya ganda na uji wa kijani. Nikasema namba. Mtoto akaangua kilio, akaungama yote pale pale mbele ya ukoo wa watu: bomba, sabuni, sekunde 20, yai la friji. Mama watoto aliposikia sehemu ya yai la friji aliniangalia mimi.

Na mdogo? Mdogo alikuwa anawachunguza wageni mmoja mmoja. Alishasikia kwa bibi yake kwamba hawa wamekuja na posa. Akasimama mbele ya mshenga, mikono nyuma, akauliza: "Babu, jogoo wenu yuko wapi?"

Mama yangu alitamka jina la Mungu. Dada yangu, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia kama desturi, alicheka hadi pazia likatikisika. Nikalazimika kueleza mbele ya barua ya posa kuhusu Chanika, daladala, mitetea na chipsi mayai, nimeshika kasha linalonuka, na kila neno nililoongeza lilizidi kuharibu. Mshenga aliisikiliza hadi mwisho. Akafuta macho kwa leso iliyofungiwa barua, akasema, "Jogoo tumemwacha nyumbani, mjukuu wangu. Atakuja na mahari."

Barua ikafunguliwa uani, chini ya mwembe.

Huku mimi nikiokoa kilichobaki. Namba 6 na 8 yalikuwa yamerukiwa na kupakwa, nikayatoa. Yai lililopakwa ule uozo nalo huoza na kupasuka, na hapo unaanza upya. Saba yaliyobaki nikayahamishia kwenye beseni lenye chupa mbili za maji ya vuguvugu na blanketi juu. Nikalisugua kasha kwa maji moto na dawa ya madoa, nikalianika, nikafunga balbu mpya. Ilichukua kama dakika 50. Watu huogopa mno yai kupoa, lakini saa moja halimuui kifaranga wa siku 15, hata kuku mwenyewe huondoka kwenda kula. Kinachoua haraka ni joto kuzidi. Kama namba 7 lisingepasuka, kile kitambaa cha mama kingeweza kuyaua yote bila mimi kujua.

Siku ya 18 tukaacha kugeuza, tukaongeza sahani ya pili ya maji ili utando wa ndani usikauke na kumbana kifaranga anapotoboa. Jumamosi Juni 20 asubuhi kasha likaanza kulia. Hadi usiku walitoka watano. Namba 5 alikuwa wa kwanza, na mdogo hajaacha kutukumbusha hadi leo. Mkubwa alipewa namba 9 kwa makubaliano ya maandishi kwamba hataogeshwa.

Shule zikafunguliwa Juni 29. Mahari ililetwa Julai. Mshenga aliingia wa mwisho, na chini ya kwapa, mbele ya ukoo mzima, amebeba jogoo mwekundu mkubwa, amefungwa utepe shingoni. Mdogo alimzunguka mara mbili. Akamtazama jogoo, akamtazama shangazi yake aliyevaa dera jipya, kisha akanigeukia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Baba, ndiyo huyu?"