Vaeni jinzi mkitaka, ila mizani ya Lope iacheni

Kila maigizo ya zamani ya Hispania yakipandishwa steji siku hizi ubishi unakuwa ule ule, mbona mfalme kavaa suti, mbona askari ana bunduki ya kisasa, mbona mwanamke kapewa nafasi ya mwanaume. Mimi hayo hayanisumbui hata kidogo. Kinachoniuma ni pale muigizaji anapokabidhiwa mashairi ya Lope de Vega au Calderón, watunzi wakubwa wa maigizo hayo, alafu anayasema kama mtu anayeongea na simu, mizani yote inapotea, eti ndo isikike kawaida.

Jamani yale maigizo ni mashairi mwanzo mpaka mwisho, mtumishi anaongea shairi, mfalme anaongea shairi, na kila bahari, yaani aina ya shairi, ina kazi yake. Lope mwenyewe mwaka 1609 aliandika shairi la kufundisha jinsi ya kutunga maigizo, akasema malalamiko yakae kwenye décima, shairi la mishororo kumi kumi, mtu anayesubiri apewe soneti, shairi la mishororo kumi na nne, na kusimulia habari kunataka romance, ambayo hapa ni jina la bahari, sio mapenzi. Kwahiyo bahari ikibadilika sikio linajua kuna jambo kabla hata akili haijashika maneno. Ukiyafanya yote yasikike kama nathari umeondoa nusu ya igizo, tena ile nusu ambayo haina mbadala.

Na sisi tuliokua tunasikia tenzi tunalielewa hili haraka. Mshororo wa romance una mizani nane, sawasawa na kipande cha utenzi. Sisemi kuna aliyemuiga mwenzake, hapana, na vina vyao ni tofauti, wanashika irabu tu, tena kwenye mishororo ya shufwa peke yake, wa pili, wa nne, wa sita. Lakini ile pumzi, ule urefu wa kauli moja mpaka nyingine, tunaujua kabisa.

Chukua Fuenteovejuna, igizo la Lope lililochapishwa 1619, kuhusu kijiji cha jina hilo hilo mkoa wa Córdoba ambacho mwaka 1476 kilimuua mtawala wake, Comendador Fernán Gómez, kwa udhalimu. Sehemu ya tatu wanaume wamekaa kikao wanajadiliana wafanye nini, anaingia Laurencia nywele zimetimka, katekwa siku ya harusi yake na mateso yanaonekana usoni, mpaka baba yake mzazi anahangaika kumtambua. Anawaambia mniache niingie kwenye baraza la wanaume, mwanamke kama hawezi kupiga kura basi anaweza kupiga kelele. Anawaita kondoo, anawaambia wafunge vijiti vya kusokotea uzi viunoni, yeye apewe silaha. Na muda wote huo irabu mbili, o na e, zinarudi, hombres, voces, nombre, zinarudi tena na tena kama mchi kwenye kinu. Hasira yake iko pale. Sasa nimeona rekodi ambazo muigizaji analia na kupiga mayowe tangu mstari wa kwanza, maneno yanazama kwenye kilio, unamuonea huruma badala ya kuogopa kitakachofuata, wakati Laurencia hakuja kuomba huruma, kaja kuwawasha moto.

Alafu ile sehemu ya mahojiano, Comendador akishauawa. Hakimu anatesa watu mia tatu, wazee, wanawake, mtoto wa miaka kumi, anauliza nani kamuua Comendador, na jibu ni "Fuente Ovejuna lo hizo", Fuente Ovejuna ndo imefanya. Mizani nane kamili. Kijiji kizima kimejificha ndani ya mshororo mmoja!

Najua waongozaji wanakimbia nini, wanakimbia ule utamkaji wa kizamani wa kuimbaimba na mkono kifuani, na wako sahihi kuukimbia. Ila njia ipo. Compañía Nacional de Teatro Clásico, kundi la taifa la Hispania la maigizo ya kale, lililoanzishwa 1986 na Adolfo Marsillach, lina kawaida ya kuweka mshauri wa ushairi kwenye maigizo yake, mtu ambaye kazi yake ni hiyo tu, kukaa na waigizaji mpaka mizani iingie mwilini. Mwaka 2012 Helena Pimenta aliongoza La vida es sueño (Maisha ni Ndoto) ya Calderón, Blanca Portillo, mwanamke, akawa Segismundo, yule mtoto wa mfalme aliyefungwa mnarani tangu azaliwe. Ile hotuba yake maarufu, maisha ni nini, na ndoto ni ndoto tu, ni décima, mishororo kumi kumi, na unasikia mtu anafikiri hapo hapo mbele yako huku vina viko mahali pake.

Hata kukata sehemu za igizo mimi sina shida nako. Federico García Lorca miaka ya 1930 alizunguka na kundi lake la wanafunzi, La Barraca, akaicheza Fuenteovejuna bila wale wafalme wa mwishoni wanaotoa msamaha. Ni uamuzi mkubwa wa kisiasa ule, unaweza kuupinga, lakini kilichobaki kilibaki shairi.

Kwahiyo kama kuna kundi Dar, Mombasa au Bagamoyo linafikiria kuigiza Fuenteovejuna kwa Kiswahili, naomba kwa dhati msiipeleke kwenye nathari. Vaeni kanga, vaeni jinzi, mwekeni Comendador kwenye gari la kifahari kama mnaona inafaa, ila Laurencia apewe mizani zake nane, na muwe na mshairi mazoezini tangu siku ya kwanza, sio wiki ya mwisho.